Nyaraka Zilizo kwa Mpinzani

Fungua jalada lolote nene la shauri la madai, liwe la Dar es Salaam au la Nairobi, nawe utakuta makaratasi tele: mikataba, risiti, barua za wakili, taarifa za benki, picha za kiwanja, nakala za ujumbe wa simu. Yapitie moja moja na utagundua kwamba karibu kila karatasi imeletwa na mtu anayeamini itamsaidia. Mdai kaleta zake, mdaiwa naye kaleta zake. Ile ambayo mwenye nayo angeomba isionekane kabisa, na ambayo mara nyingi ndiyo inayobeba ukweli wa shauri, haimo.

Amri ya mahakama ya kutoa nyaraka ilibuniwa ili kuziba pengo hilo. Kwa amri hiyo, mpinzani hulazimika kuorodhesha alizonazo kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa, kuapa kwamba orodha imekamilika, kisha kuruhusu upande wa pili uzikague na kuzinakili, zikiwamo zinazomuumiza mwenyewe. Mamlaka hayo tunayo. Tanzania imeyaweka katika Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, na Kenya katika kifungu cha 22 cha sheria yake ya aina hiyohiyo. Zote mbili zina asili katika sheria ya India ya mwaka 1908. Tatizo ni kwamba mamlaka haya husubiri kuombwa, na anayeomba hutakiwa ajue anaomba nini.

Hapo ndipo mifumo inapoachana. Kanuni za Kenya za mwaka 2010 zinamtaka mdai aambatanishe hati ya madai na orodha ya mashahidi, maelezo yao, na nakala za nyaraka atakazozitegemea. Mdaiwa anatakiwa afanye vivyo hivyo anapoleta utetezi. Tanzania nayo inamtaka mdai alete hati anayoidaia na aorodheshe nyingine anazozitegemea. Mageuzi ya Kenya yalisifiwa kwa kuondoa mashambulizi ya kushtukiza mahakamani, na kweli yameyapunguza. Lakini kuweka mezani unachokitegemea si uwazi. Ni maandalizi mazuri tu ya vita.

Uingereza wadaawa wanabanwa zaidi. Kwa zaidi ya karne moja kipimo kilikuwa kile cha mwaka 1882, kilichotokana na kesi ya kampuni ya mbolea ya kinyesi cha ndege kutoka Peru: utoe waraka wowote unaoweza kumfungulia mwenzako njia ya kuchunguza jambo litakalomsaidia. Kipimo hicho kilizaa malori ya makaratasi, na kanuni mpya zilizoanza Aprili 1999 zikakipunguza makali. Bado, amri ya kawaida chini ya kanuni hizo inakutaka utoe unazozitegemea, zinazokudhuru, zinazomdhuru mwenzako na zinazomsaidia. Wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake hivyo bila kungoja kuulizwa na mtu.

Chukua mkopaji ambaye nyumba yake imepigwa mnada na benki, naye anadai iliuzwa kwa bei ya kutupa. Mikononi ana mkataba wa mkopo, risiti za marejesho na notisi aliyobandikiwa mlangoni. Benki ina mwenendo mzima wa akaunti ya mkopo, ripoti ya mthamini, barua zake na dalali, na kumbukumbu za mnada: nani alifika, nani alitaja kiasi gani, saa ngapi. Madai yote ya mkopaji yanasimama au kuanguka kwa ripoti ya mthamini. Wakili wake ataambatisha alivyonavyo na kungoja. Siku shahidi wa benki akipanda kizimbani ataulizwa: ripoti ya mthamini iko wapi? Atajibu, iko ofisini. Wakili atatabasamu kama aliyefunga goli, hakimu ataandika jibu, na shauri litaendelea. Hukumu ikitoka itasema kwamba mzigo wa kuthibitisha bei halisi ulikuwa wa mdai, naye hakuutua.

Ombi la kurasa mbili lililoletwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo lingeweza kubadili mwelekeo wa shauri. Hata kama mkopaji angekuwa na fotokopi ya ripoti aliyopewa na mfanyakazi mwenye huruma, angekwama pengine: sheria ya ushahidi inataka hati halisi, na nakala haipokelewi kirahisi kama hukumpa mwenye hati halisi notisi ya kuileta. Mawakili wanaijua kanuni hii vizuri kwa sababu huitumia kupinga vielelezo vya wenzao. Kuitumia kuzitoa nyaraka kabatini ni jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Kesi inayoonyesha nguvu ya utaratibu huu, na mahali unapokomea, iliwahusu Wakenya lakini ilisikilizwa London. Juni 2009 wazee watano waliowahi kuzuiliwa katika kambi za ukoloni wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso. Serikali ilijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza, dhima yoyote iliyokuwapo ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Ya pili, muda umepita mno, mashahidi wamekufa, haki haiwezi kutendeka tena.

Mawakili wa wazee walikuwa wameulizia nyaraka mapema, na majibu hayakutaja kwamba kuna rundo jingine nje ya lile lililomo katika hifadhi ya taifa. Jambo lililovunja ukimya lilitoka kwa wanahistoria. David Anderson, ambaye pamoja na Caroline Elkins na Huw Bennett alikuwa akiwasaidia wadai, aliwasilisha maelezo mwishoni mwa mwaka 2010 akionyesha kwamba kumbukumbu zenyewe zilikuwa zimeacha alama: barua zinazotaja mafaili yaliyosafirishwa kwenda Uingereza Desemba 1963, siku chache kabla ya bendera kushushwa. Kenya ilikuwa imeomba yarudishwe mwaka 1967, ikakataliwa. Mtu hawezi kukataa kurudisha kitu asicho nacho. Anderson alikuwa anaiuliza serikali swali lenye jina, tarehe na idadi.

Januari 2011 serikali ilikiri. Mafaili yalikuwa Hanslope Park, kituo cha Wizara ya Mambo ya Nje chenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire, kaskazini mwa London: takriban 1,500 ya Kenya, katika masanduku 300 hivi. Na hayakuwa peke yake. Pamoja nayo kulikuwa na mafaili ya makoloni mengine, jumla takriban 8,800 kutoka maeneo 37. Yalikuwa mabaki ya mchujo wa makusudi. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alielekeza kwamba serikali zinazokaribia uhuru zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza, polisi wake au watoa habari wake. Nairobi mafaili yalitengwa makundi mawili: yale ya kuwaachia Waafrika, na yale yaliyogongwa alama ya siri, ambayo maofisa wenye asili ya Ulaya tu ndio walioruhusiwa kuyashika. Mengi ya kundi la pili yalichomwa moto. Maagizo ya wakati huo yaliruhusu hata kuyatia katika masanduku yenye uzito na kuyazamisha baharini, mbali na pwani.

Mwanadiplomasia mstaafu, Anthony Cary, aliitwa kuchunguza ilikuwaje wizara ikasahau rundo kubwa namna hiyo. Ukisoma taarifa yake huoni njama moja kubwa. Unaona maofisa waliojua kidogo, waliodhani mafaili si mali yao bali ya makoloni, na ambao hawakuona sababu ya kwenda kuangalia. Kwangu hili ni baya kuliko njama. Njama huvunjika mtu mmoja akisema. Uzembe unaomfaa mwenye kuufanya unaweza kudumu nusu karne bila mtu hata mmoja kusema uongo.

Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kulifuta shauri. Julai 2012 wakili wa serikali alisimama mahakamani na kukubali kwamba wadai waliteswa. Oktoba mwaka huohuo, wakati waliobaki kusikilizwa wakiwa watatu, jaji aliikataa pia hoja ya muda, na hapa nyaraka ndizo zilizofanya kazi. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba baada ya miaka zaidi ya 50 hakuna wa kueleza yaliyotokea. Jaji akaona kwamba serikali ya kikoloni na makamanda wake waliandika kila kitu, kwamba maandishi yapo, na kwamba kesi ya haki inawezekana. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alitangaza bungeni malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228, na mnara wa kumbukumbu ukajengwa Nairobi.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi ya pili, wakiwa na rundo lilelile la nyaraka na jingine zaidi. Mwaka 2018 Jaji Stewart aliwakataa, muda ukiwa sababu kuu. Mafaili yalieleza sera vizuri: nani aliidhinisha kipigo, barua gani ilitoka kwa gavana kwenda London. Hayakueleza alichofanyiwa mwanamke mmoja, katika kijiji kimoja, na askari gani, usiku gani. Shauri la madai humtaka kila mtu athibitishe jeraha lake. Mkoloni aliyeandika kila kitu kuhusu mfumo hakuandika majina ya aliowapiga, na hakuna amri ya mahakama inayoweza kumlazimisha mtu atoe karatasi ambayo haikuandikwa kamwe.

Tuseme basi unajua jina la waraka, umeomba, mahakama imeamuru, na mpinzani ananyamaza. Amri ya XI inaruhusu shauri la mdai mkaidi litupwe na utetezi wa mdaiwa mkaidi ufutwe. Ni adhabu nzito, na mahakimu, kwa haki kabisa, husita kuitoa. Njia inayotumika zaidi ni ndogo lakini ina meno: mahakama kuchukulia kwamba kilichofichwa kingemuumiza aliyekificha.

Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo meno hayo yaliuma kama Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2017. Ile ilikuwa kesi ya uchaguzi wa rais, si ya mkopo wala kiwanja, lakini hoja ya nyaraka ilikuwa ileile. Tarehe 28 Agosti mahakama iliiamuru tume ya uchaguzi iwape walalamikaji nafasi ya kusoma kumbukumbu za seva zake. Tume ilitoa kidogo, ikachelewa, ikataja usalama wa mitambo. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ulifutwa kwa kura nne dhidi ya mbili, na katika hukumu kamili ya tarehe 20 majaji wa upande wa wengi walieleza kwamba kukataa kufungua seva kuliwafanya wayakubali madai ya walalamikaji juu ya seva hizo. Mwaka 2022 ombi la namna hiyo lilirudi. Safari hii ukaguzi ulifanyika chini ya msajili, taarifa ikaletwa, na tarehe 5 Septemba malalamiko yakatupwa. Wanasiasa wana tafsiri zao za kesi hizo mbili. Kwa wakili wa kampuni anayemshauri mteja wake kama atoe au afiche, zinasomeka kama hesabu ya faida na hasara.

Si kila kinachofichwa kinafichwa kwa hila. Mazungumzo ya mteja na wakili wake yanalindwa, na lazima yalindwe, la sivyo hakuna atakayemwambia wakili ukweli. Barua za kujaribu kupatana nje ya mahakama nazo zinalindwa. Ubishi mkubwa uko kwenye kinga ya serikali. Mwaka 1942, mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali kwamba waziri akisema kwa kiapo waraka ukitolewa utaumiza maslahi ya umma, basi neno lake ni la mwisho. Waliokuwa wakiomba nyaraka ni familia za watu 99 waliokufa katika nyambizi ya Thetis mwaka 1939. Ulikuwa wakati wa vita na waraka ulikuwa michoro ya nyambizi, kwa hiyo mtu anaweza kuelewa. Lakini kinga hiyo ikaja kutumika kwa mambo madogo kabisa, hadi mwaka 1968 ilipofika kesi ya askari polisi aliyekuwa katika kipindi cha majaribio, akashtakiwa kwa wizi wa tochi, akaachiwa, kisha akamshtaki mkuu wake. Safari hii majaji walisema watazisoma ripoti wenyewe na wao ndio watakaopima. Walizisoma, wakaona hakuna cha kuilinda serikali humo, wakaamuru zitolewe.

Sheria ya ushahidi ya Kenya, kifungu cha 131, bado inasomeka kana kwamba mwaka 1968 haukufika: waziri akiapa kwamba ameuchunguza waraka na kwamba kuutoa kutadhuru utumishi wa umma, waraka haupokelewi. Kifungu hicho kinaishi nyumba moja na Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, inayompa raia haki ya kupata taarifa zilizo kwa dola, na hata zilizo kwa mtu binafsi pale zinapohitajika kulinda haki nyingine. Sioni vipi vitaendelea kuishi pamoja kwa amani. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa, kwa kutumia ibara hiyo, iliamuru serikali itoe mikataba ya reli ya kisasa, na Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi akatoa mikataba ya mikopo. Njia hii ina faida ambayo kanuni za mwenendo wa madai hazina: huhitaji kwanza kuwa na shauri la fidia. Raia anaweza kuomba karatasi leo, akaisoma, ndipo akaamua kama kuna kesi. Tanzania pia ina sheria yake ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016, na mawakili wa mashauri ya madai wanaitumia kidogo kuliko inavyostahili.

Upande wa pili una malalamiko ya kweli. Marekani, ambako kanuni za shirikisho za mwaka 1938 ziliufungua mlango wazi kabisa, kutafuta na kupitia nyaraka kunaweza kugharimu kuliko kiasi kinachodaiwa, na upande wenye fedha huweza kumchosha maskini kwa kumtaka makaratasi, au kwa kumwagia mengi hata asijue aanze wapi. Mlango huohuo, hata hivyo, ndio uliotoa siri za makampuni ya sigara: katika shauri la jimbo la Minnesota, lililomalizwa kwa makubaliano Mei 1998, mamilioni ya kurasa za ndani za makampuni hayo zilitolewa na zikawekwa mahali ambapo umma unaweza kuzisoma. Hofu ya gharama ni halali kwa Marekani. Kwetu, ambako mahakama nyingi hazijawahi kuagiza kabati moja lifunguliwe, inakuja mapema mno. Hakimu anayekataa ombi kwa kusema mdai anavua samaki gizani ana haki ya kukataa pale mdai hajui anatafuta nini. Kama ametaja ripoti ya mthamini ya nyumba fulani, ya mwezi fulani, huyo amekwisha kumwona samaki.

Sasa hivi nyaraka zenyewe zinahama. Meneja wa mikopo na dalali wa mnada hawaandikiani barua. Wanatumiana ujumbe wa WhatsApp, wa sauti mara nyingi, na simu ni ya meneja mwenyewe wala si ya benki. Tanzania ilikubali ushahidi wa kielektroniki waziwazi kwa sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015, na Kenya inataka uambatane na cheti cha aliyeutoa kwenye mtambo. Sheria zote mbili zinaeleza namna ya kuupokea ushahidi ukishaletwa. Simu inaweza kupotea muda mrefu kabla ya hapo.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni barua ya madai, ile ambayo mawakili huiandika kwa haraka, aya tatu na tishio moja la siku 14. Barua hiyo ingeweza kuzitaja nyaraka kwa majina: mwenendo wa akaunti ya mkopo kuanzia siku ya kutolewa fedha, ripoti ya mthamini, daftari la mnada, ujumbe wa simu kati ya meneja na dalali kwa wiki mbili kabla na wiki moja baada ya mnada. Na ingeweza kumtaka mpokeaji azihifadhi zote, akiri kuipokea, na atie tarehe. Inaambatishwa kwenye hati ya madai, inafuatwa na ombi chini ya Amri ya XI, na ombi hilo linaletwa kwenye kikao cha awali, kabla shahidi wa kwanza hajaitwa. Meneja akija kusema simu ile ilipotea, ataulizwa ilipotea lini, na tarehe ya kulinganisha itakuwa tayari imo ndani ya jalada, na saini ya karani wa benki aliyeipokea barua chini yake.